Karatasi ya Kukatia Kola

Jumamosi, 21 Juni 2025

Nimedanganya tena. Mbele ya Mwalimu Konstantini, kwenye baraza lake mwenyewe, nikiwa na kikombe chake cha chai mkononi. Aibu hii siwezi kumweleza mtu, basi naiandika hapa nyuma ya daftari la vipimo. Nani atapekua viuno na mabega ya watu wa Maisaka mpaka afike huku?

Ni huu mchezo wetu wa vitabu. Umetokana na ule mchezo wa akina mama wa kupeana pesa kwa zamu, ila sisi tunazungusha vitabu. Watu watano, vitabu vitano. Kila baada ya wiki mbili unampa jirani yako ulichomaliza, unapokea kingine. Kabla ya kupeana kila mtu anasimama: unasoma nini, umefika wapi, kimekufurahisha nini. Wazo la Mwalimu. Tangu mkewe Gaudiosa afariki, nyumba ilimzidi ukimya, akaona bora atuite.

Mzunguko wa kwanza nilipita salama. Nasoma kurasa tatu za mwanzo, kisha maelezo ya nyuma ya jalada, nasimama, naongea. Watu wanaitikia kwa vichwa. Kusoma chote siwezi – nikishika kitabu baada ya kazi, herufi zinaanza kuogelea, ukurasa wa tatu nimelala. Miwani sijanunua. Na huu mwezi ni wa sare! Shule zinafungua Julai, kila mama anataka blauzi jana. Pateni yangu ya kola, ile karatasi ya kukatia, ilichanika kwa kutumika, nimekata nyingine haraka haraka.

Sasa kitabu cha leo, alichonipa Mwalimu wiki mbili zilizopita, hakina jalada. Kizee, gundi imekauka, amekifunika kwa karatasi ya kaki. Hakuna maelezo ya nyuma! Nilijua tu ni msichana aliyefukuzwa kwao na anataka kurudi. Nimesema ni kitabu kizuri, kinafundisha. Ningeishia hapo ningepona. Lakini Elineema – huyu ni nesi, anapenda kuuliza maswali kama yuko wodini – akauliza, je, anafika nyumbani? Baba yake anampokea?

Nikasema: "Anamfungulia mlango. Hasemi neno. Anasogea pembeni tu, apite."

Sijui yametoka wapi. Nikaongeza kwamba nililia. Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa shati, akachukua muda mrefu kuirudisha. Nikajua nimekamatwa. Akasema asante, Domitila. Basi.

Mwalimu alinifundisha darasa la sita. Siku moja aliwaambia wenzangu wanyamaze wanisikilize ninavyosoma. Karibu miaka arobaini naishi kwa sentensi hiyo moja. Ndiyo maana nimeingia mchezo huu, na ndiyo maana siwezi kusema kwamba sijasoma.

Nimemkabidhi kitabu Romana, Mama Goodness, anayeuza maandazi karibu na geti la shule. Amelalamika kwamba nimemmalizia utamu. Alikuwa anacheka, lakini macho hayakucheka. Alifuta viganja kwenye kanga kwanza, ndipo akakipokea kwa mikono miwili.

Jumatano, 25 Juni 2025

Baridi. Upepo wa vumbi. Blauzi sita leo.

Romana kaleta kitambaa cha sare ya mtoto wake, Goodness, darasa la nne. Nimempima: bega inchi kumi na mbili, kifua ishirini na saba. Nimeahidi itakuwa tayari kabla ya shule kufungua. Ahadi ya fundi, Mungu anaijua.

Mtoto alipotoka nje, Romana akanisimulia. Kwao ni Dareda. Alipata mimba ya Goodness akiwa kwao, baba yake mzee Yohanes akamwambia asikanyage tena uwanja wake. Wazee wale na mila zao. Miaka kumi na moja sasa. Dareda! Si mbali hata kidogo, asubuhi unaenda mchana umerudi. Hajarudi hata mara moja.

Yuko ukurasa wa thelathini. Anasoma kwa kidole kwa sababu aliishia darasa la tano, na amesema hivyo bila aibu yoyote. Kisha akaniuliza polepole kama ni kweli yule baba anafungua.

Nilikuwa na pini mdomoni. Nikaitikia kwa kichwa.

Jumamosi, 5 Julai 2025

Kikao. Romana ameomba wiki mbili zaidi, hajamaliza. Apolinary wa duka la pembejeo ndiye anayefuata kukipokea, akanuna kidogo. Yeye anasoma kitabu cha ufugaji nyuki, amefika kwenye kuvuna, akatueleza mpaka nikahisi nawashwa shingoni.

Lakini leo aliyetushika ni Romana. Ametusimulia yule msichana anavyoosha miguu mtoni kabla ya kupanda kijijini, ili wasione kwamba ametembea kwa miguu. Anaosha, anakausha kwa upindo wa gauni, halafu njia ina vumbi, inambidi arudi kuosha tena. Mara tatu! Romana alicheka akifika hapo, kisha akakifunga kitabu. Mwalimu alifumba macho akisikiliza.

Na mimi nilisikiliza kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Elineema akaniuliza mimi: "Mama Jovin, unakumbuka sehemu hiyo?" Nikasema nakumbuka sana.

Ilipofika zamu yangu nilisema kitabu cha upelelezi alichonipa Mwalimu bado naendelea nacho. Angalau huo haukuwa uongo kamili. Kiko mezani kwangu chini ya vitambaa.

Alhamisi, 10 Julai 2025

Mwalimu kaja dukani na suruali yake ya kijivu nimpunguzie kiuno. Amekonda. Shikamoo Mwalimu, marahaba Domitila, karibu kiti. Nikadhani ni suruali tu.

Akasema amekuja pia kunishukuru. Kwa lipi? Kwa maneno yangu ya siku ile barazani.

"Kitabuni mlango haufunguki," akasema. "Baba anajibu akiwa ndani, huyo simjui. Basi, kitabu kimekwisha. Wewe ulisema alichoandika Gaudiosa pale chini."

Mkono wangu ulibaki na chaki hewani. Akaeleza. Yeye na mkewe waligombania mwisho ule miezi. Mwalimu akisema mwandishi yuko sahihi, ndivyo wazee walivyo. Gaudiosa akisema hapana. Siku moja akachukua kalamu ya bluu, akaandika jibu lake kwenye ukurasa wa mwisho, akarudisha kitabu kabatini bila kusema. Hakuwa mtu wa kuandika. Nyumba nzima, mwandiko wake uko hapo tu na kwenye daftari la kliniki. Kila mwaka siku ya kifo chake, Mwalimu anafungua ukurasa ule. Mwaka huu aliona ni uchoyo kuuweka peke yake, akakitia kitabu kwenye mchezo aone kama kuna atakayefika pale.

"Nikakusikia unaongea kama yeye," alisema. "Nikajua umesoma mpaka mstari wa mwisho."

Hapo ndipo pa kusema, Mwalimu, sijasoma, nilibuni. Duka halikuwa na mtu. Nafasi nzuri kuliko hiyo sitaipata. Nikasema asante Mwalimu, nikampima kiuno: thelathini na moja.

Nimekaa na hili mchana wote na cherehani imenikatia uzi mara nne. Romana anasoma kuelekea mlango ambao haufunguki. Akifika atajua mimi ni muongo, na kibaya zaidi atakuwa amefika peke yake.

Jumamosi, 19 Julai 2025

Niandike yote. Nisiruke.

Romana alikuja na bakuli la maandazi kwa ajili ya chai yetu, kila andazi limefungwa kwenye karatasi ya daftari kama anavyofanya getini. Zamu yake ilipofika akasimama na kitabu, kaki ile ile ya Mwalimu, haina hata doa la mafuta. Akasema amemaliza lakini hajamaliza. Kitabu kinaishia msichana yuko kilimani, anaiona nyumba yao, moshi unatoka. Baada ya hapo hakuna kitu. Karatasi zimetoka.

Na mimi – Mungu anisamehe – nilifurahi. Ndicho kitu cha kwanza nilichohisi. Hakufika mlangoni, hatajua.

Apolinary akakiomba, akakiangalia mgongoni ambako gundi imekauka, akapitisha kidole. Karatasi tatu hazipo, akasema. Halafu akachukua andazi lake, akalifungua taratibu, akaikunjua ile karatasi na kuisoma kwa sauti. Hesabu za kugawanya, tiki nyekundu. Watu wakacheka kidogo. Akasema karatasi ni karatasi, andazi halichagui.

Elineema akajaribu kupunguza ukali, akasema huenda mtoto alichukua bila kujua. Romana akasema Goodness hakigusi, kitabu kilikuwa kabatini pamoja na Biblia.

Basi Elineema akanigeukia mimi. Je, mwenzangu, ulipompa Romana kilikuwa kizima?

Kabla sijafungua mdomo Mwalimu akanijibia. Alisema kilikuwa kizima, Domitila alifika mpaka mstari wa mwisho, na hilo analijua yeye mwenyewe kwa ushahidi ambao hawezi kuueleza hapa. Uso wake ulikuwa umepauka. Akamwambia Romana kwa upole, na upole ule ndio ulioniua:

"Mama Goodness, sikasiriki. Hata kama zilifungia maandazi, niambie tu, nisiendelee kuzitafuta."

Romana hakumtazama Mwalimu. Alinitazama mimi. "Mama Jovin," akasema, "ulinipa kikiwa hivi hivi."

Nikasema: "Mimi nakumbuka kilikuwa kizima."

Maneno manne. Sikukumbuka kitu chochote. Sijawahi kufika nyuma ya kitabu kile, nitakumbuka nini? Lakini kusema sijui ni kusema sikusoma, na Mwalimu alikuwa amekwisha kunisimamia mbele ya watu. Hiyo ndiyo hesabu niliyoipiga, kwa sekunde mbili, na nikamweka Romana upande wa kulipa.

Hakubishana. Alichukua kanga yake, akasema kwaherini, akaondoka. Bakuli aliliacha. Tulikaa tukiliangalia, halafu Apolinary akachukua andazi, halafu Elineema. Na mimi nilikula. Mawili.

Jumapili, 20 Julai 2025

Misa ya pili. Romana alikuwa benchi la nyuma yangu na Goodness. Wakati wa kupeana amani niligeuka kushoto, nikashikana mikono na watu wote wa kushoto.

Jumatano, 23 Julai 2025

Ni mimi.

Karatasi ziko hapa. Zilikuwa hapa siku zote, kwenye msumari, juu ya kichwa changu.

Ilikuwa blauzi ya Goodness, ambayo nimeichelewesha wiki mbili kwa sababu naogopa kumwona mama yake. Nikasema leo nakata kola niimalize. Nikatoa pateni kwenye msumari, nikaweka juu ya kitambaa, nikachora chaki upande mmoja, nikaigeuza nichore wa pili. Nikaona wino wa bluu.

Ile pateni niliikata Juni. Nakumbuka vizuri sana sasa, kumbukumbu imekuja mbio kama mbwa aliyeitwa. Wateja wamejaa, ya zamani imechanika, simu sikioni naongea na mwanangu Jovin, yuko chuo Dodoma, anataka nauli. Mkono ukapapasa mezani chini ya vitambaa, ukakuta karatasi tatu zilizoponyoka kitabuni zimelala. Nikadhani ni za ule mzigo wa karatasi chakavu ninazonunua kwa ajili ya pateni. Nikakata. Moja kola, moja mfuko. Ya tatu nilifutia mafuta ya cherehani, nikawashia jiko.

Nimekata kola zaidi ya hamsini kwa karatasi ile. Nimeigeuza na kuigeuza. Ina maandishi upande mmoja, kila siku nayaona. Sikuyasoma hata mara moja! Mtu mwingine yeyote wa mchezo ule angesoma, hata kwa bahati mbaya, hata akisubiri pasi ipate moto.

Leo nimesoma. Nimefunga mlango nikasoma kwa kidole kama Romana. Mfuko umebaki na sehemu anayoshuka kilimani, mkasi umekula pembe mbili. Kola imebaki na mlango. Anagonga. Baba anauliza nani. Anataja jina lake lote, na jina la baba, na la babu. Kimya. Halafu sauti: huyo simjui. Msichana anakaa kizingitini, anaanza kujifuta vumbi miguuni. Kitabu kimekwisha.

Chini, mwandiko wa mviringo, wa mtu asiyezoea: *Konstantini, mimi ningefungua. G.* Mkasi wangu umepita pembeni ya hiyo G, umebakiza upana wa unywele.

Nililia. Niliwaambia watu nililia na sikulia, basi leo nimelia.

Ijumaa, 25 Julai 2025

Nimetia vipande kwenye bahasha, bahasha kwenye mkoba, nikaenda getini kwa Romana mapema. Nilijiambia nikifika nitatoa tu, hata salamu nisimalize.

Habari imeshazunguka, Apolinary hajui kunyamaza. Mwalimu mmoja kijana wa pale shuleni alikuwa ananunua, akamuuliza Romana leo kafungia sura ya ngapi. Wenzake wakacheka. Romana hafungii tena kwa karatasi. Anaweka maandazi kwenye sahani, mtu anachukua na mkono wake. Wateja wawili waliona usumbufu wakaenda kwa mwenzake wa upande wa pili.

Alinisalimia shikamoo, kama kawaida. Hakuninunia. Afadhali angeninunia. Akauliza blauzi ya mtoto lini, nikasema wiki ijayo bila kukosa. Akauliza kama ni manne ya kila siku.

Nikanunua manne, nikaondoka. Sikuwa na kitu cha kuyafungia, nimetembea nayo mkononi mpaka dukani, mafuta yakinishuka kwenye kiwiko. Bahasha iko mkobani. Sijui nina moyo wa aina gani.

Jumatatu, 28 Julai 2025

Romana kanipigia simu. Anataka blauzi Jumamosi asubuhi, kwa sababu Jumapili anakwenda Dareda. Na Goodness, akiwa amevaa sare, babu yake aone mjukuu anasoma.

Kaka yake Melkiori ndiye aliyemfikishia mzee habari. Mzee hakukubali wala hakukataa. Alisema tu kwamba Jumapili atakuwepo. Romana anaogopa mpaka halali. Halafu akasema – nanukuu, maana neno hili nitalisikia mpaka nizikwe:

"Mambo ya karatasi nimekuachia wewe na Mungu. Lakini nikikumbuka ulivyosema yule baba alisogea pembeni apite, napata nguvu."

Uongo wangu umempa nauli ya kwenda Dareda. Nikisema ukweli jina lake linasafishika, lakini mlango unafungwa. Nimelifikiria hili mchana wote, na jioni nikagundua kwamba nalifikiria kwa raha. Nimepata sababu ya kunyamaza inayofanana na huruma! Domitila, wewe. Mtu anakufa na jina baya wewe unajitafutia mto wa kulalia.

Alhamisi, 31 Julai 2025

Blauzi imekwisha. Kola imekaa vizuri kuliko zote nilizoshona mwaka huu.

Nimeandika barua kwa Mwalimu. Nimechana. Nikaandika nyingine, ikawa ndefu, yote inaeleza wingi wa kazi za Juni. Nimechana. Ya tatu ilikuwa mistari miwili, ndiyo ya kweli, nikaiogopa zaidi. Hiyo sikuichana. Iko chini ya pasi.

Nimemaliza pia kile cha upelelezi. Aliyeua ni daktari. Nimekisoma chote, kwa kidole, siku nne, macho yananiuma. Sina wa kumwambia.

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Saa tatu na nusu. Kikao saa nne. Naandika hapa dukani huku nikijifanya naandika vipimo, mikono isikae bure.

Romana yuko humu. Kaja kuchukua blauzi. Goodness anaijaribu nyuma ya pazia, ndiyo maana nimefunga mlango, na vumbi la leo ni baya. Romana amesema haji kikaoni tena. Ananikabidhi tu salamu nimfikishie Mwalimu, na nimwambie anasikitika kuhusu karatasi zake. Anasikitika yeye!

Asubuhi nilipofungua duka nilirudisha vipande kwenye msumari. Kola na mfuko, vimeshikwa na pini moja, upande wa maandishi umetazama nje. Sijui kama nilikusudia. Naandika uongo, nilikusudia. Nilitaka vionekane vyenyewe, mimi nisihitaji kufungua mdomo. Hata kukiri nataka nishonewe na mtu mwingine.

Ameona.

Amesimama chini ya msumari kichwa juu. Akaniuliza hii ni nini. Nikasema ni karatasi ya kukatia kola.

"Naomba kuisoma," akasema.

Nikasema soma. Nikaongeza, kwa sauti ambayo nadhani ameisikia: "Niliikata mimi, Romana. Na kitabu sikukisoma."

Hajageuka. Sijui kama hajasikia au amesikia. Amevitoa kwenye msumari, ameanza na mfuko. Anasoma kwa kidole, anatamka kwa sauti ya chini kama anasali. Kilima. Moshi. Pale mkasi ulipokula anaruka, anaendelea. Sasa kashika kola.

Goodness katoka nyuma ya pazia, kola nyeupe shingoni, anataka mama yake amwangalie. Mama yake hamwangalii, yuko kwenye kola, anasoma. Anagonga. Nani. Jina lake, la baba yake, la babu yake.

Huyo simjui.

Kidole kimesimama hapo. Nikamwambia, teremka, chini kuna wino wa bluu. Hajateremka. Anamtazama mtoto.

Hodi.

Kikohozi kinachofuata nakijua. Mwalimu amefuata suruali yake aivae kikaoni. Romana ameinua macho kwenye karatasi, ananitazama mimi kama alivyonitazama barazani. Goodness amekwenda kusimama karibu na mlango lakini hagusi komeo, anasubiri mkubwa aseme.

Hodi ya pili. Duka ni langu, wa kuitikia ni mimi.